Alama za T, E10+ na 12 kwenye gemu za muziki zinapima nini hasa?

MamaWawili, Morogoro

Habari za wakati huu, wanajamvi. Kaka yangu anayeishi Minnesota ametuletea PlayStation 3 iliyotumika, gitaa la plastiki lenye vitufe vitano vya rangi, na diski tatu: Rock Band 2 yenye alama ya T, Lego Rock Band yenye E10+, na gemu ya kuimba iliyonunuliwa Uingereza ambayo kava lake lina nambari 12. Nina mtoto wa miaka 8 na mwingine wa miaka 14, na tangu mzigo ufunguliwe wanagombania gitaa. Naomba kueleweshwa iwapo alama hizi zinapima ugumu wa gemu au maudhui yake, na inakuwaje gemu isiyo na bunduki wala damu ikapewa T.

Fundi_Konsoli

Shikamoo mama. Ugumu haupimwi kabisa; gemu inaweza kuruhusiwa kwa watoto wote na bado ikamshinda mtu mzima. T na E10+ hutolewa na ESRB, chombo cha uainishaji cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1994, baada ya maseneta kuzikalia kooni kampuni za gemu mwishoni mwa 1993 kwa sababu ya Mortal Kombat na Night Trap, gemu zilizolalamikiwa kwa ukatili. E ni ya watu wote, E10+ ni ya kuanzia miaka 10, T ni ya kuanzia 13, na M ni ya kuanzia 17.

Sasa geuza kava la Rock Band 2. Nyuma, pembeni ya herufi T, kuna kisanduku chenye maneno machache yanayotaja sababu, na hapo utakuta kwamba kilichoipandisha daraja ni hasa mashairi ya nyimbo. Mimi hukitegemea kisanduku hicho kuliko herufi yenyewe, kwa sababu T ya ugomvi na T ya mashairi ni mambo mawili tofauti kwa mzazi. Tafuta pia onyo la kwamba nyimbo zinazopakuliwa baadaye kwenye intaneti hazikuainishwa na ESRB. Maana yake ni kuwa alama ya kava inahusu kilichomo kwenye diski tu, na gemu za aina hii zilitengenezwa makusudi ili mnunuzi aendelee kuongeza nyimbo.

Kwa huyo wa miaka 8, mpe Lego Rock Band bila wasiwasi mkubwa. Waliichuja kwa ajili ya familia kiasi kwamba hata nyimbo za kununua mtandaoni zinazokubaliwa humo ni zile tu zilizoonekana zinafaa kwa watoto. Tena ina ngazi nyepesi mno, ambamo mtoto anapiga gitaa kwa mdundo bila kujali amebonyeza kitufe cha rangi gani, kwa hiyo hatalitupa gitaa kwa hasira baada ya wimbo mmoja.

Mjomba_Leicester

Naongezea kuhusu hiyo 12, dada. Hiyo ni alama ya PEGI, mfumo wa Ulaya ulioanza mwaka 2003, wenye madaraja ya 3, 7, 12, 16 na 18. Usiichukulie kuwa ni T iliyoandikwa kwa tarakimu. PEGI hutumia vipicha kuonyesha sababu, kwa mfano lugha chafu, ukatili au dawa za kulevya, lakini haina kipicha maalumu cha mashairi kama Wamarekani walivyo na maelezo yao, na ndiyo maana gemu moja ya muziki inaweza kupata umri tofauti pande mbili za bahari. Huku Uingereza, tangu mwaka 2012, muuzaji anayemuuzia mtoto gemu ya 12, 16 au 18 kabla hajafikisha umri huo anavunja sheria. Marekani hali si hiyo: mwaka 2011 Mahakama ya Juu yao ilibatilisha sheria ya California iliyotaka kuzuia uuzaji wa gemu za ukatili kwa watoto, na ESRB ikabaki kuwa mpango wa hiari.

Mwalimu_Likoni

Kwa heshima zote, mimi nisingeziamini sana alama hizo. ESRB iliundwa na wafanyabiashara wenyewe ili serikali isiwaingilie, na waainishaji wake huangalia video na maelezo wanayopelekewa na kampuni badala ya kuicheza gemu mwanzo hadi mwisho. Hapa Kenya tuna KFCB, bodi ya kuainisha filamu, na alama zake za GE, PG, 16 na 18 tulizozizoea kwenye filamu, lakini sijaona hata moja kwenye diski za mitumba zinazoingia kwenye masanduku ya ndugu zetu.

Fundi_Konsoli

Mwalimu, ni kweli waliianzisha wenyewe, ila katika gemu ya muziki pengo hilo si kubwa kama unavyolifikiria. Mashairi ni maandishi. Hayafichiki kwenye hatua ya mwisho ya mchezo kama tukio la kutisha. Mama akitaka kuhakikisha, orodha ya nyimbo za Rock Band 2 inapatikana kirahisi, na kijana wa miaka 14 anaweza kuipitia pamoja naye jioni moja.

Mama, kwenye PS3 ingia sehemu ya mipangilio ya usalama, utafute udhibiti wa wazazi. Ngazi ni 1 hadi 11, na kadiri nambari inavyokuwa ndogo ndivyo inavyobana. E10+ iko ngazi ya 4 na T iko ngazi ya 5, hivyo ukiweka 4, Lego Rock Band itafunguka, lakini Rock Band 2 itadai nambari ya siri. Udhibiti huo hufunga diski nzima, hauchagui wimbo mmoja mmoja. Nambari ya siri inayokuja na mashine ni 0000, na watoto wote wa mtaani wanaijua, kwa hiyo ibadilishe kwanza kabla ya kugusa kitu kingine.

MamaWawili, Morogoro

Marahaba, na nawashukuru nyote. Nimekiona kisanduku cha nyuma. Maandishi yake ni madogo mno, nimelazimika kutumia tochi ya simu. Nimeweka ngazi ya 4, na ile ya kuimba nimeitoa kwenye rafu mpaka niisikilize mwenyewe.