Timu yetu ya kikapu inafungwa na hatuna fedha za kusajili: turekebishe nini?

Nahodha wa Temeke:
Habari zenu wanajukwaa. Ninaongoza timu ya mpira wa kikapu ya mtaani kwetu, ambayo msimu huu imeshinda michezo miwili kati ya tisa. Viongozi wanasema dawa ni kusajili mchezaji mrefu, ilhali mfuko wa timu hautoshi hata nauli za wachezaji tulionao. Robo tatu za mwanzo huwa tunakwenda sambamba na wapinzani, kisha robo ya nne tunazidiwa vibaya. Naomba ushauri wa kujikwamua kwa kikosi hiki hiki.

Karani wa Meza:
Ndugu nahodha, kabla ya kumlaumu yeyote, tafuteni daftari na mtu wa kuandika mambo manne katika kila mchezo: mitupo iliyoingia na iliyokosa, mipira mliyoipoteza kabla ya kutupa, ribaundi (mipira mnayoidaka baada ya mtupo kukosa), na mitupo huru (ile mnayopewa mpinzani akifanya faulo). Mchambuzi wa Marekani, Dean Oliver, alijenga hesabu zake juu ya mambo hayo, na katika mizani yake kupoteza mpira kunashika nafasi ya pili baada ya ulengaji. Mimi hukaa meza ya kuandika matokeo, na ninachokiona kwa timu zinazofungwa si ufupi, bali ni pasi ya pupa inayopelekwa kwa mtu ambaye hata hajageuka. Mtupo huru nao hauhitaji mrefu: mstari uko mita 4.6 kutoka kwenye ubao na hakuna anayekuzuia. Wafanyeni wachezaji watupe mwishoni mwa mazoezi, pumzi zikiwa zimewaishia, kwa kuwa ndivyo watakavyokuwa robo ya nne.

Mzee wa Upanga:
Daftari ninaliunga mkono, lakini kuporomoka robo ya nne kunanipa shaka kwamba watano wale wale wanacheza karibu dakika zote 40, tena kwa joto hili letu la Dar es Salaam na uwanja usio na paa. Miguu ikichoka, mlinzi hukaba kwa mikono, na timu ikishafikisha faulo nne katika robo, kila faulo ya ulinzi inayofuata humpa mpinzani mitupo huru miwili. Ingizeni wawili wawili tangu robo ya kwanza, hata kama mnaongoza. Golden State Warriors, timu ya ligi ya NBA ya Marekani, kocha Steve Kerr alipoichukua mwaka 2014, msingi wa kikosi ulibaki ule ule; Andre Iguodala, aliyezoea kuanza kila mchezo, akakubali kutokea benchi. Ushindi ulipanda kutoka michezo 51 hadi 67, wakatwaa ubingwa wa 2015, naye akatajwa mchezaji bora wa fainali. Sisemi benchi pekee ndilo lililowapa kombe, maana nyota wao Stephen Curry alikuwepo.

Nahodha wa Temeke:
Shikamoo mzee. Hapo ndipo penye ugumu: mfungaji wetu akitolewa hununa, na kocha humrudisha upesi. Isitoshe, foleni ya Barabara ya Kilwa hutubakizia nusu saa tu ya mazoezi.

Mzee wa Upanga:
Marahaba. Nusu saa hiyo msiimalizie kwenye mchezo wa kujifurahisha, kama timu nyingi zifanyavyo. Chezeni dakika tano tano, na upande unaopoteza mpira uanze upya kutoka sifuri. Kuhusu mfungaji, mwambieni mapema dakika atakazopumzika, na aambiwe faraghani, si mbele ya wenzake.

Nahodha wa Temeke:
Nimezipitia nakala za karatasi za matokeo. Katika michezo mitano kati ya saba tuliyofungwa, faulo ya tano ya timu ilifika kabla ya nusu ya robo ya nne, na mbili kati ya faulo hizo huwa za mfungaji wetu. Nitazungumza naye kesho kabla ya mazoezi. Daftari amelipokea kijana wetu aliyeteguka kifundo cha mguu.