Gertrude Mongella: Beijing 1995 alikuwa na cheo gani hasa?

Mwalimu_Kidato4
Wakuu, kuna wanaoandika kuwa Mama Mongella alikuwa mwenyekiti wa mkutano wa Beijing, wengine wanasema alikuwa Katibu Mkuu tu. Kipi sahihi? Na Bunge la Afrika aliloliongoza lilikuwa na meno kiasi gani? Wanafunzi wanaandika wasifu wake.

Nansio
Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Umoja wa Mataifa kuhusu Wanawake, 4 hadi 15 Septemba 1995. Rais wa mkutano alitoka nchi mwenyeji, Chen Muhua wa China. Ila hiyo "tu" ifute, Mwalimu. Rais huendesha vikao vya siku zile. Katibu Mkuu hubeba maandalizi yote: mikutano ya kanda (ya Afrika ilikuwa Dakar, Novemba 1994), rasimu ya makubaliano, na kuzibembeleza serikali.

Ugumu ulikuwa kwenye rasimu. Ilifika Beijing vifungu vingi vikiwa ndani ya mabano, yaani havijaafikiwa, hasa vya afya ya uzazi na haki ya mtoto wa kike kurithi. Jambo lilipita kwa maafikiano, si kwa kura, hivyo nchi chache ziking'ang'ania zinakwamisha ukurasa mzima. Mwishowe nchi 189 zilikubaliana maeneo 12 ya utekelezaji, baadhi zikiandikisha pingamizi zao.

Kalamu_ya_Ziwa
Naongezea: wasianzie Beijing. Alizaliwa Ukerewe 1945, akawa mwalimu, akaingia Bunge la Afrika Mashariki 1975, akawa waziri miaka ya 1980, kisha balozi wetu wa Tanzania nchini India. Bila hayo hawataelewa kwa nini alipewa kazi ile.

Mpenda_Katiba
Kuhusu Bunge la Afrika: alichaguliwa Rais wa kwanza Machi 2004, Addis Ababa, akamaliza 2009. Makao yalihamia Midrand, Afrika Kusini. Kila nchi hupeleka wabunge watano, angalau mmoja awe mwanamke. Halikutunga sheria, itifaki, yaani mkataba uliolianzisha, ililipatia kazi ya kushauri tu, kwa hiyo maazimio yake hayakuzifunga serikali. Na mbunge akipoteza kiti katika bunge la nchi yake, cha Bunge la Afrika nacho kinaondoka. Ndiyo maana ubunge wake wa Ukerewe usiachwe nje ya wasifu.

Mwalimu, waandike "Rais wa Bunge la Afrika", wasiandike "Spika".