Queen na Pink Floyd: nani kauza zaidi, na tuhesabu kwa njia ipi?

Santuri_za_Kale

Wakuu, heshima kwenu. Takwimu mbili zinanukuliwa kila kona: Queen milioni 300, Pink Floyd milioni 250. Ukizifuata hadi zinakotoka, zinaishia kwenye taarifa za matangazo. Hakuna jedwali la nchi kwa nchi. Milioni 300 za nini hasa? Albamu peke yake, au albamu na singo (nyimbo zinazouzwa mojamoja) pamoja?

Naona njia tatu: kulipokea tamko la lebo (kampuni ya rekodi) kama lilivyo, kujumlisha vyeti vya dhahabu na platinamu vya kila nchi, au kufuata mauzo yaliyopita kwenye skana za madukani. Ipi inasimama?

Naanza na Marekani, soko kubwa kuliko yote, ambako platinamu moja ni milioni moja. The Wall ya Pink Floyd ina platinamu 23, The Dark Side of the Moon yao 15, Greatest Hits ya Queen 9. Ina maana The Wall imeuza milioni 23 na kuiacha Dark Side mbali?

Pima_Maji

Hapana mkuu, kwenye The Wall ndipo wengi hujikwaa. Ile ni albamu ya sahani mbili, na RIAA, chama cha kampuni za rekodi cha Marekani, huhesabu kila sahani peke yake. Kanuni ya sasa inataka muziki uzidi dakika 100 ndipo sahani zihesabiwe mbilimbili. The Wall ina dakika 81 hivi, lakini albamu za sahani mbili za enzi ya santuri ziliachiwa utaratibu wao wa zamani. Kwa hiyo gawa kwa mbili: 23 inakuwa nakala milioni 11.5. Physical Graffiti ya Led Zeppelin, platinamu 16, ni nakala milioni 8. Ile albamu nyeupe ya The Beatles, platinamu 24, ni milioni 12. Dark Side ni sahani moja, basi 15 yake ni 15 kweli.

Upande wa Queen mtego ni uleule. The Platinum Collection ina CD tatu na inapita dakika 100. Mteja mmoja akinunua boksi moja, kwenye cheti zinaandikwa tatu. Kabla hujaandika namba yoyote, hesabu kwanza sahani zilizomo ndani ya jalada.

Pia ujue cheti kinapima nini. Kinapima mzigo uliotoka kwa lebo kwenda madukani, ukiondoa uliorudishwa, na lebo yenyewe ndiyo inayoomba na kulipia ukaguzi. Mwaka 1978 wanachama wanne wa bendi ya Kiss walitoa albamu zao binafsi siku moja. Zote nne zilipata platinamu kwa mzigo uliosafirishwa, kisha marundo yakarudi na mengine kuuzwa kwa bei ya kutupa. Mwaka uliofuata RIAA ikaweka sharti la kusubiri siku 120 tangu albamu itoke ndipo cheti kiombwe, ili marejesho yaonekane kwanza.

Na tarehe, jamani. Ile 15 ya Dark Side ni ya mwaka 1998. Haina maana kwamba watu waliacha kuinunua mwaka huo, ila hesabu haijaombwa upya. Waangalie Eagles: mkusanyiko wao wa 1971–1975 ulikaa kwenye 29 tangu 2006, halafu Agosti 2018 ukaruka hadi 38. Hakuna duka lililouza CD milioni 9 za Eagles katika miaka hiyo 12. Hesabu ilifanywa upya, na tangu Februari 2016 usikilizaji wa mtandaoni unaingizwa: mara 1,500 ni sawa na albamu moja, na nyimbo 10 zilizopakuliwa vilevile ni albamu moja.

Kwa hiyo cheti ni sakafu. Chini yake hushuki, juu yake hujui umbali.

Kanda_Mbili

Naongeza kwa Pima_Maji. Ukitoka Marekani, neno platinamu linabadilika uzito kila mpaka unaovuka. Uingereza ni nakala 300,000. Kanada ilikuwa 100,000, na kuanzia 2008 ni 80,000. Ujerumani, kwa albamu zilizotoka kabla ya Septemba 1999, ni 500,000. Kwa zilizotoka kuanzia Juni 2023 ni 150,000. Ufaransa iliwahi kuwa 400,000, ikashuka 300,000, kisha 200,000, sasa 100,000. Anayezidisha kila platinamu kwa milioni anaipa Kanada watu isiokuwa nao.

Italia ni balaa zaidi. Vyeti vyake vya albamu huhesabu mauzo ya kuanzia 2009 tu. Kwa Dark Side, iliyotoka Machi 1973, miaka 35 ya mauzo haimo, na kwa Greatest Hits ya Queen ya 1981 ni miaka 27. Ukiona platinamu ya Italia kwenye jedwali la bendi za zamani, iwekee alama.

Santuri_za_Kale

Nimeelewa, mkuu, asante sana. Sasa skana je? Si ndiyo njia safi kuliko zote, maana inahesabu nakala iliyolipiwa?

Bi_Gramafoni

Ni safi, ndugu yangu, ila ilianza mwaka 1991. SoundScan, mfumo wa kuhesabu mauzo kwa skana, ilianza kukusanya mauzo ya Marekani Machi 1991, na jarida la Billboard likaanza kuitumia kwa chati ya albamu Mei mwaka huohuo. Mwenye duka anapopitisha msimbopau kwenye mashine, nakala inaandikwa. Kwa bendi iliyotamba kuanzia 1991, njia hii inatosha. Albamu nyeusi ya Metallica ilitoka Agosti 1991, yaani karibu maisha yake yote yamo. Kwa Queen na Pink Floyd unapata mkia bila kichwa. Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, alifariki Novemba 1991, miezi michache tu baada ya skana kuanza.

Tundu la pili ni vilabu vya posta. BMG na Columbia House walipeleka CD nyingi sana nyumbani kwa wanachama, na hizo hazikupita kwa keshia wa duka lolote. Kwenye cheti cha RIAA zimo, kwenye skana hazimo. Ndiyo maana albamu ileile ya miaka ya 90 inaweza kuwa na cheti kilichozidi skana pasipo mtu kudanganya. Wengi wakiona tofauti hiyo wanadhani lebo imechakachua.

Matumizi yangu: skana naitumia kujua kasi ya mauzo baada ya cheti cha mwisho, basi. Ya kabla ya 1991 siikadirii kwa skana.

Kanda_Mbili

Na kanda za kunakili hazimo popote. Zile zilizouzwa Kariakoo na River Road, au Ulaya ya Mashariki, hazina lebo wala mrabaha. Zanzibar alikozaliwa Freddie kuna mashabiki wa Queen ambao hakuna takwimu inayowajua.

Santuri_za_Kale

Haya, nimejaribu. Dark Side: Marekani 15, Uingereza zaidi ya 4, Kanada 2 (almasi mbili za milioni moja moja), Ujerumani 1. Jumla milioni 22 na ushee. Tamko linalozunguka ni milioni 45. Nusu nzima haina karatasi.

Kwa bendi, nchini Marekani: Pink Floyd kwa albamu mbili, 15 na 11.5, ni milioni 26.5. Queen kwa albamu nne, Greatest Hits 9, News of the World 4, The Game 4, A Night at the Opera 3, ni milioni 20. Niko sawa?

Pima_Maji

Jumla ziko sawa, ila ile 9 ya Greatest Hits iangalie kwa makini, kwa sababu jina hilo ni la vitu tofauti. Toleo la Uingereza la 1981 lina nyimbo 17, na Under Pressure haimo. Toleo la Marekani la mwaka huohuo, la lebo ya Elektra, lina nyimbo 14 na Under Pressure imo. Mwaka 1992 Hollywood Records wakatoa jingine kwa jina hilohilo, lenye jalada jekundu. Usichukue tarehe ya toleo moja ukaibandika kwenye mauzo ya jingine.

Kuhusu ile nusu isiyo na karatasi, usiifute na usiikubali yote. Weka safu mbili: sakafu 22, tamko 45. Ukweli umo katikati, na sehemu ya pengo inaelezeka: Marekani baada ya 1998, Italia kabla ya 2009, na nchi ambazo lebo haikuomba cheti. Mimi nisingeandika namba moja.

Bi_Gramafoni

Uingereza meza inageuka. Greatest Hits ya Queen ilikuwa albamu ya kwanza kufikisha nakala milioni 6 nchini humo, Februari 2014, na hizo ni nakala zilizouzwa. Mwaka 2022 ikatangazwa kufikisha milioni 7, lakini humo usikilizaji wa mtandaoni umeshaingia. Usitoe 6 kwenye 7 ukasema milioni moja iliuzwa madukani.

Swali la kwanza la mada, milioni 300 za nini, jibu lake liko kwenye singo. Pink Floyd hawakutoa singo hata moja Uingereza kuanzia mwisho wa 1968 hadi Another Brick in the Wall mwaka 1979. Queen walitoa singo mara kwa mara, na Bohemian Rhapsody ina almasi ya Marekani (milioni 10) tangu 2021. Ukihesabu rekodi zote, Queen wanapanda. Ukihesabu albamu peke yake kwa vyeti vya Marekani, Pink Floyd wako mbele, hata baada ya kuikata The Wall nusu. Kwenye jedwali lako, ndugu Santuri, singo zipe safu yake na usizijumlishe na albamu.

Santuri_za_Kale

Nazitenganisha. Naongeza pia safu ya mwaka wa cheti na safu ya idadi ya sahani, halafu naanza upya na Ujerumani.