Re: Sikio moja linavuma, wamemwandikia MRI, naomba mwenye uzoefu

> Asalaam aleikum wanajumuiya. Mume wangu sikio la kulia linavuma kama jiko la mchina, mwezi wa nne sasa, na kusikia kunapungua. Kapimwa masikio kaambiwa pande mbili hazilingani, leo imekuja barua ya MRI ya kichwa, ile picha ya mashine ya sumaku. Nimeingia Google nikaona uvimbe kwenye ubongo, sijalala mpaka saa hizi. Tupo Coventry, Uingereza. Mwenye kujua anisaidie jamani.

Waaleikum salaam dadaangu, pole sana, wewe na shemeji. Mie si daktari, nalea wazee tu hapa Reading, ila hiyo njia nimeipita yote kwa miguu yangu kwa hiyo ntakwambia nnachokijua.

Kwanza lala. Hiyo MRI wanaandikiwa watu kibao ambao sikio moja limezidiwa na lenzake, na wengi sana wanatoka mle hawana kitu. Wanachokitafuta ni kiuvimbe kinaitwa akustiki nyuroma, siku hizi madaktari wanasema shwanoma ya vestibula. Kichwani tuna jozi 12 za neva zinazotoka kwenye ubongo, ile ya 8 ndo ya kusikia na kushika mizani ya mwili, sasa lile ganda linaloizunguka ndo linaota kinyama taratibu. SI SARATANI. Hakisambai mwilini. Na kiko pembeni ya ubongo, si ndani yake, hili mwambie na mama mkwe kabla hajaanza kulia kwenye simu, maana wangu Tanga alisikia "uvimbe kichwani" akaanza kuwaita ndugu kana kwamba nshakufa.

Mie nlijuaje? Nlikuwa naongea na huyo huyo mama WhatsApp, simu nimeiweka sikio la kushoto kama kawaida yangu, sauti naisikia lakini maneno siyapati, kama mtu anaongea na blanketi mdomoni. Nikamwambia mama mtandao mbovu nitakupigia. Nikahamishia kulia nione saa, namsikia anasema "mtandao wangu mzima mwanangu". Nikarudisha kushoto, blanketi. Nilikaa kitandani nikajua hapa pana jambo. Nikaenda kwa GP wangu, yaani daktari wa mtaa, akasema nta. Nikarudi, akasema nta tena, nikapewa matone. Mara ya tatu nikaambiwa ni uchovu wa shifti za usiku. Mwaka mzima umepotea hapo na bado naumia nikikumbuka, kwa sababu kusikia kukishapotea kwa ugonjwa huu ni nadra kurudi. Kwa hiyo shemeji ana bahati, wamemsikiliza mapema, na yeyote anayesoma hapa akiwa na sikio MOJA linalovuma au kufa taratibu, adai kipimo cha kusikia, na kikionesha tofauti adai rufaa kwa daktari wa masikio, asiridhike na matone.

Kipimo chenyewe kinachukua kama nusu saa hivi, analala chali, kichwa kinawekewa kitu kama kikapu, halafu mashine inagonga kama mafundi wanapiga bati juu ya paa, wanakupa vizibo vya masikio. Wanaweza kumchoma dawa ya mshipani inayofanya uvimbe ung'ae kwenye picha, kama figo zake zina shida aseme. Kinamama mkienda, hijabu isiwe na pini, na misuko yenye nyuzi za kung'aa au shanga za chuma itoeni nyumbani, mie nlikaa naifumua kwenye choo cha hospitali huku naitwa jina.

Changu kilikuwa milimita 14. Kesi zinajadiliwa na jopo, mpasuaji wa ubongo, wa masikio, wa mionzi, wote pamoja, halafu wanakuita. Njia ziko tatu. Ya kwanza kusubiri na kupiga picha, na msidhani ni kutelekezwa, vingi havikui kabisa na vinavyokua mara nyingi ni milimita moja au mbili kwa mwaka. Ya pili mionzi ya mara moja, ile Gamma Knife, Sheffield wanayo tangu 1985. Ya tatu upasuaji, kwa vile vikubwa hasa, vinavyoanza kusukuma shina la ubongo.

Nilisubiri miaka miwili, kikafika 19, nikachagua mionzi. Wanakufunga fremu ya chuma kichwani kwa skrubu nne, ganzi nne mbili usoni mbili kisogoni, zile sindano zinauma kweli sikufichi, baada ya hapo ni kubanwa tu. Jioni nikarudi nyumbani. Hakiondoki, kinasimama. Miezi ya mwanzo kinaweza hata kuvimba kidogo kwenye picha, msishtuke.

Akiambiwa upasuaji, ulizeni swali hili: neva ya uso itakuwaje? Ile ya 7 inapita bega kwa bega na hii, ikijeruhiwa upande mmoja wa uso unalegea na jicho halifumbi, linahitaji matone na kubandikwa usiku lisikauke. Ulizeni timu yao wanafanya ngapi kwa mwaka, hawakasiriki. Ipo njia wanapita nyuma ya sikio kwenye mfupa, inawapa nafasi nzuri ya kuiona neva ya uso ila kusikia upande huo kunakwisha, ndo maana wanaangalia kwanza kusikia kumebaki kiasi gani.

Mkalimani ni bure, ombeni mapema, msimpe mtoto kazi hiyo. Na kama anaendesha gari halafu anapata kizunguzungu cha ghafla cha kumwangusha, lazima DVLA, wale wa leseni za udereva, waarifiwe.

---

Habari zenu, niongeze mawili kutoka Leicester. Sikio likizima GHAFLA, ndani ya siku moja mbili tatu, hiyo ni dharura, usisubiri miadi, kuna stiroidi zinafaa zikianzwa mapema. La pili, ikiwa vivimbe viko masikio yote mawili ni habari nyingine, huo ni ugonjwa wa jeni kwenye kromosomu ya 22, familia inatakiwa ichunguzwe na una vituo vyake maalumu, Manchester kimojawapo. Na ambao mna wazazi wanakuja kutembea, matibabu ya rufaa kwa mgeni yanalipiwa, asilimia 150 ya gharama, kateni bima kabla ya safari.

---

> Mungu awabariki, leo nimekula. Swali moja. Fomu inauliza kama amewahi kuingiwa na chuma jichoni. Alikuwa fundi wa kuchomelea Mwanza miaka sita kabla hajaja, anasema cheche ziliingia mara nyingi lakini zilitoka, tuandike hapana?

Hapana dada, usiandike hapana! Andika NDIYO na uandike na hiyo miaka sita. Ile mashine ni sumaku kubwa, kipande kidogo kilichobaki kinaweza kusogea ndani ya jicho. Watampiga eksirei ya macho kwanza, dakika chache tu, likiwa safi anaingia. Pigeni ile namba iliyo juu ya barua kesho asubuhi muwaambie, msingoje siku yenyewe, maana wakigundua mlangoni wanaahirisha na mtarudi kwenye foleni. Picha zikishatoka ombeni na CD yake, si ripoti tu.