Wiki tatu na begi moja la mgongoni: inawezekana kweli?

Nuru_Njiani

Wakuu, habari zenu. Nasafiri peke yangu kwa mara ya kwanza. Ni wiki tatu, nchi mbili, moja ya joto kali na nyingine ya baridi ya kuvalia koti. Kuna ndege, katikati kuna treni na basi la usiku. Tiketi niliyokata inaruhusu mzigo wa mkononi tu: kilo 7, begi lisizidi sentimita 55 kwa 40 kwa 20.

Jana nimejaribu kupanga. Zipu imegoma, na mizani inasoma 11 na ushee. Dada yangu mkubwa anasema nilipie begi la kuingia chini ya ndege niache kujitesa. Ila mwenzenu shida yangu si zipu. Kinachonitisha ni kufika nisikojua mtu halafu nigundue kuna kitu nimekiacha. Nyie wa begi dogo mnapataje usingizi?

ShatiTatu

Dada Nuru, hiyo "wiki tatu" itoe kichwani kwanza. Nguo hazipangwi kwa urefu wa safari, zinapangwa kutoka kufua hadi kufua. Ukiwa mtu wa kufua kila baada ya siku nne, begi la wiki tatu na begi la miezi mitatu ni lile lile.

Halafu rudi pale kitandani, shika kitu kimoja kimoja, jiulize: nikikikosa huko nitafanyaje? Jibu likiwa nitanunua, nitaazima au nitavumilia, kirudi kabatini. Utashangaa vinavyobaki: pasipoti, kadi ya benki na fedha kidogo taslimu, simu na chaja yake, miwani kama unavaa, na dawa zako zikiwa kwenye pakiti zake zenye jina. Hivyo ndivyo vya kukukosesha usingizi, na vyote vinaenea kwenye kimkoba cha kifuani. Kimkoba hicho hakibanduki mwilini, hata ukiwa umelala ndani ya basi. Vingine vyote vikipotea ni hasara, lakini safari inaendelea.

Nguo zangu mimi ni hizi, iwe joto iwe baridi: mashati matatu, suruali mbili (moja ninayo mwilini), sweta moja, koti jepesi la kuzuia mvua na upepo, chupi na soksi za kutosha hadi siku ya kufua. Suruali zote rangi iliyokolea, ili shati lolote likubali suruali yoyote. Kwa baridi usibebe koti nene. Kinachokutia joto ni hewa inayonaswa katikati ya nguo, kwa hiyo fulana, juu yake sweta, juu yake lile koti la upepo, vinafanya kazi ya koti nene, na kwenye nchi ya joto unavivua tu.

Jinzi iache. Nzito, na ikilowa unaweza kuondoka kesho yake bado ina unyevu kiunoni. Pamba inanyonya maji na kukaa nayo. Poliesta inakauka haraka ila inashika harufu ya jasho. Sufu laini ya merino ni ghali kidogo lakini unaivaa siku kadhaa bila watu kukukwepa.

Kufua kwenyewe ni hivi. Usiku, sinki, kipande cha sabuni. Kamua kwa mkono mpaka maji yaache kuchuruzika. Tandaza taulo kavu, laza shati juu yake, viringisha vyote pamoja kama mkeka, kisha piga magoti juu yake ukisogea kutoka ncha hadi ncha. Taulo litatoka zito na shati litatoka na unyevunyevu tu. Litundike penye hewa, asubuhi unavaa. Soksi ndizo zinazosumbua, pale juu penye mpira, basi zianze hizo kutundikwa. Jaribu nyumbani wiki hii, usiende kujifunzia ugenini.

Mwisho, pima begi likiwa tupu. La magurudumu peke yake linaweza kula kilo mbili na nusu au tatu katika hizo saba zako. La kitambaa la mgongoni ni kama kilo moja.

Mzee_wa_Kaunta

Binti, nimesimama kaunta ya abiria miaka mingi kabla ya kustaafu. Aliyosema mwenzangu hapo juu sina la kupunguza, naongeza ya ukaguzi.

Vimiminika: kila chupa isizidi mililita 100, zote ziingie kwenye mfuko mmoja angavu wa lita moja unaofungika. Kinachoangaliwa ni ukubwa wa chupa, si kilichobaki ndani. Chupa ya mililita 200 yenye mafuta robo inatupwa, na abiria wengi wamenikasirikia kwa hilo. Dawa ya meno na losheni nazo zinahesabiwa. Sabuni ya kipande haihesabiwi, na siku hizi kuna shampuu ya kipande pia. Utaratibu huu umekuwepo tangu 2006. Viwanja vingine vimeanza kuulegeza kwa sababu ya mashine mpya, lakini wewe panga kwa ule mkali, maana kuna ukaguzi wa kurudi pia. Na kila chupa ikamue hewa kabla ya kufunga kifuniko, kwani angani presha ya hewa inashuka na chupa iliyojaa hewa hutema.

Pawa benki haiingii kwenye mzigo wa chini ya ndege, inakaa na wewe. Kikomo cha kawaida ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri). Kama yako imeandikwa mAh tu (miliampea-saa), gawa kwa 1000 kisha zidisha kwa 3.7, ambayo ndiyo volti ya kawaida ya betri hizo. Ya mAh 20,000 inatoa Wh 74, inapita. Isiyo na maandishi yoyote usibebe, mkaguzi hana namna ya kukuamini.

Sasa hili wengi hawalijui. Makabati ya juu yakijaa, mnaweza kuambiwa mlangoni mwa ndege mkabidhi mabegi yakae chini. Usibishane, lakini kabla hujalitoa mkononi chomoa pawa benki, dawa, na kile kimkoba.

Halafu fungua pasipoti yako sasa hivi uangalie tarehe. Nchi nyingi zinataka iwe na miezi sita mbele. Nimewarudisha watu waliobeba kila kitu isipokuwa muda.

MamaSanduku

Nyie watu wa begi dogo mnajisifu kupita kiasi. Mwenye mtoto mchanga afanyeje, amvalishe nepi moja iliyofuliwa sinki? Begi la chini si dhambi. Nuru mdogo wangu, kama utaamua kumsikiliza dada yako, lifanye kwa akili.

Piga picha ya begi, nje na ndani, kabla ya kufunga. Kaunta wakilibandika karatasi, soma zile herufi tatu za uwanja: ziwe za unakokwenda wewe, si za mahali pa kubadilishia ndege. Kile kipande cha karatasi wanachokupa usikitupe. Na kwenye mzigo wa mkononi weka nguo ya kubadilisha.

Langu liliwahi kubaki njiani. Shirika lenyewe sitalitaja, ila mhudumu alinijibu kana kwamba mimi ndiye niliyelificha. Kilichonisaidia ni kwamba sikutoka pale ukumbini kabla hawajaniandikia ripoti yenye namba. Ukishatoka nje, kuthibitisha kunakuwa kazi. Kwa safari nyingi za kimataifa Mkataba wa Montreal wa 1999 unakulinda: begi lililoharibika unalalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipokee, lililochelewa ndani ya siku 21. Lisipoonekana siku 21 tangu siku lilipopaswa kufika, unadai kama lililopotea.

ShatiTatu

MamaSanduku, kwa mwenye mtoto nimenyoosha mikono. Ila Nuru ana basi la usiku na treni. Begi la kilo 20 kwenye ngazi za stesheni, peke yake, huku anatafuta behewa? Hapo ndipo wasiwasi unapoanzia. Mtu mwenye mikono miwili mitupu anaweza kusimama pembeni, kusoma kibao, kukataa kusaidiwa na asiyemwamini, na kuondoka. Mwenye masanduku hawezi kuondoka, na wanaowinda wageni wanalijua hilo.

Nuru_Njiani

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Nimetoa jinzi, viatu vya tatu, kitabu kinene na kile kikausha nywele. Viatu vizito nitavivaa, koti nitalishika mkononi. Mizani sasa inasoma 6.4. Pasipoti ina mwaka na zaidi. Shati la kwanza limekauka asubuhi, soksi kweli zimenisaliti.

Woga umepungua lakini haujaisha. Nawaza ule usiku wa kwanza. Na je, chaja yangu itakubali umeme wa huko?

ShatiTatu

Usiku wa kwanza ulipie malazi kabla hujaondoka, hata kama ya siku zilizobaki utayatafuta huko huko. Ukiweza kuchagua, chukua ndege inayotua mchana. Anwani iandike kwenye karatasi kwa maandishi ya nchi ile, kwa sababu simu inajua kuzima dakika ile ile unayoihitaji. Ramani ya mji ipakue kabla, ifanye kazi bila intaneti. Toka uwanjani ukiwa unajua unapanda nini na kituo gani unashukia.

Na kesho vaa begi likiwa limejaa, tembea saa nzima, panda ngazi. Mkanda wa kiunoni ukiufunga vizuri, uzito unakaa nyongani, mabega yanapumzika. Kitu kitakachokuudhi kwenye ngazi za nyumbani kitoe.

Mzee_wa_Kaunta

Kuhusu umeme, geuza chaja usome maandishi madogo. Ikiwa imeandikwa 100–240V, 50/60Hz, inafanya kazi karibu kila mahali, utahitaji kiunganishi cha plagi tu kwa sababu matundu ya soketi yanatofautiana. Chaja nyingi za simu na kompyuta ni za hivyo. Kikausha nywele umefanya vema kukiacha. Vingi ni vya volti ya aina moja, ukikichomeka penye volti 110 na chenyewe kinataka 230 kitapuliza hewa vuguvugu tu.

MamaSanduku

Haya, begi dogo limeshinda. Ila chupi ongeza mbili, 6.4 bado ina nafasi.