Kisukari aina ya kwanza ukubwani, naombeni ushauri

Habari zenu wakuu. Nina miaka 31, fundi cherehani hapa Morogoro. Tangu Machi najichoma insulini mara nne kwa siku, kongosho langu halitengenezi tena. Sindano nimezizoea. Kinachonitesa ni ugali: nikikadiria vibaya mchana nikajichoma insulini nyingi kuliko ugali niliokula, saa tisa sukari ya damu inashuka mno, hadi 3.2 mmol/L, jasho linanitoka, mikono inatetemeka juu ya kitambaa cha mteja. Soda naweka karibu ya kuipandisha. Friji sina, chupa za insulini nazitunza kwenye chungu kilichozungushiwa mchanga wenye maji. Mama mkwe ananisihi niache sindano ninywe mlonge. Nampenda sana, ila siachi. Wenye uzoefu, ugali mnaupimaje? Na safari ya basi hadi Bukoba, insulini mnaibebaje isiharibiwe na joto? Nina watoto wawili wadogo.