Ushauri: Mwanangu hataki shule, nataka ajifunzie nyumbani bila ratiba. Nipo Ujiji

Fundi Redio (mleta uzi)
Wakuu salaam. Nina kijana wa miaka 10, darasa la nne, shule ya kulipia hapa mjini. Kila asubuhi ilikuwa vita: mara tumbo, mara kiatu hakionekani, mara analia tu. Ila ukimwacha afanye yake utashangaa. Alifungua redio mbovu ya mteja, akaifunga tena ikawaka, mkononi kabaki na skrubu moja. Juni yote alishinda mwaloni Kibirizi akihesabu mitumbwi ikirudi alfajiri. Bei ya dagaa anaijua kunishinda.

Nimesoma habari za shule huru. Summerhill ya Uingereza ipo tangu 1921, mtoto haingii darasani kama hajisikii. Sudbury Valley, Marekani, ilianza 1968, na kila mwaka wanafunzi wanapiga kura mwalimu gani abaki. Wazazi wengine huko hawapeleki shule kabisa, mtoto anafuata anachopenda. Kigoma sijaona shule ya hivyo, nikawaza nianze nyumbani. Je, nikimtoa nitakuwa nimekosea?

Mzee wa Reli
Umenikumbusha Tabora. Tulitoroka hisabati tukapanda mwembe. Mwalimu akaja, akaweka kiti kivulini, akaanza kusahihisha madaftari taratibu mpaka saa kumi. Kushuka hatuwezi. Majimoto walitutafuna mpaka mwenzetu mmoja akaanza kutaja jedwali la saba kwa sauti, hakuna aliyemuuliza.

Asali Mbichi
Tatizo lenu mnakimbilia Uingereza. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea 1967, shule na shamba viende pamoja. Sisi ikaishia kupalilia mahindi ya mwalimu mkuu.

Mzee wa Reli
Ya kwetu yalikuwa ya mke wake mdogo.

Bi Ufunguo
Mleta uzi, mama wa mtoto anasemaje? Nimesoma mara mbili, simuoni.

Fundi Redio
Mama yake yupo Kasulu kikazi. Tutaongea. Mimi naomba ushauri wa elimu.

Bi Ufunguo
Kazi gani? Na unasema "ilikuwa" vita. Mtoto anaenda shule au ameshaacha?

Kandambili
Nimevuta kigoda.

Fundi Redio
Haya. Hajaingia darasani tangu Pasaka. Mama yake ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kasulu, anajua dogo anaendelea vizuri. Ripoti ya Juni nilimwambia shule imechelewesha. Ada ya muhula nikanunua paneli na betri, lakini ni kwa faida yake, anajifunza umeme. Msinishangae. John Holt wa Marekani alikuwa mwalimu wa darasani, na ndiye aliyekuja kuhimiza wazazi wafundishe nyumbani, 1977 akaanzisha na jarida lao. Mwanangu sasa hivi anaamka mwenyewe saa kumi na mbili, halii. Hilo hamlioni?

Bi Ufunguo
Nimeliona, na nafurahi halii. Ila Summerhill ni bweni na watu wanalipa ada. Walimu wapo, vipindi vipo, mtoto ndiye anaamua kuingia. Wana mkutano wa shule nzima, mtoto mdogo kura yake ni sawa na ya mwalimu, na wakipitisha kanuni ukivunja unashtakiwa humo humo. Wewe umechukua kutoingia darasani, mkutano umeuacha. Nyumba yenu ina kura tatu. Ya Kasulu haijapigwa.
Halafu Sheria ya Elimu ya 1978 inakudai mtoto ahudhurie msingi mpaka amalize. Na upimaji wa darasa la nne uko mlangoni. Nenda kwa mwalimu mkuu kesho ujue kama jina lake bado lipo.

Mvuvi Mstaafu
Mnajisumbua, hii ni chai. Mwaka huu wa 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi 15 Mei mpaka 15 Agosti. Juni mitumbwi imepinduliwa mchangani, watu wanashona nyavu. Huyo mtoto alihesabu ipi ikirudi alfajiri?

Kandambili
Chai ya rangi, tangawizi imezidi. Nani ana vitumbua?

Asali Mbichi
Nami niliona, mtu gani anatumia hela ya ada halafu anaijua Sudbury?

Fundi Redio
Nimechanganya miezi jamani! Mwaloni ilikuwa Aprili. Juni alikuwa nami kibandani. Fundi hasomi?

Mvuvi Mstaafu
Basi muulize siku zipi wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani. Usimsaidie.

Fundi Redio
Nimemuuliza, yupo hapa anamenya waya. Anasema mbalamwezi ikiwa kubwa, maana dagaa hawazifuati taa. Anauliza pia wewe ulistaafu au ulifukuzwa.

Mvuvi Mstaafu
Mtoto yupo kweli. Baba ndiye bado namchunguza.

Mama Nne
Mimi nipo Kasulu, nafundisha. Huu uzi umeingia kwenye kundi letu la walimu tangu saa nane mchana. Kuna mwenzetu mmoja kausoma, kaaga, kaenda stendi.

Fundi Redio
Moderator, naomba mtoe neno Ujiji kwenye kichwa cha uzi. Na jina langu pia.